Tuta la Bucha Halikumtaka Mama Mkwe

Kwa masikitiko makubwa, na breki ya mkono ikiwa imevutwa hadi mwisho, tunawatangazia kifo cha ghafla cha gari la mama mkwe wa Fundi Jaribu Tena. Msiba umetokea asubuhi, kwenye tuta lililo mbele ya bucha, magurudumu ya nyuma yakiwa ndiyo kwanza yanashuka. Gari liliguna, likatikisika, likakata roho mbele ya wateja waliokuwa wanasubiri maini. Habari ziwafikie wauza vipuri popote walipo, pamoja na wote waliowahi kulisukuma gari hilo kwenye mvua wakarudi nyumbani na matope hadi kwenye masikio. Hakutakuwa na mazishi. Mama mkwe alipofungua mlango na kushuka kwa hasira, gari liliwaka mara moja, likanguruma kama kijana, likarudi nyumbani buheri wa afya.

Si mara ya kwanza. Gari hilo lilikuwa limeshakufa na kufufuka hapo hapo siku nyingine kadhaa, kiasi kwamba wateja wa bucha walikuwa hawashtuki tena. Walikuwa wanasogea tu ili waone vizuri.

Sasa huyu fundi. Jina lake halisi analijua mkewe na ofisi ya vitambulisho. Sisi wengine tunamwita Jaribu Tena, kwa sababu hayo ndiyo maneno anayoyatoa kutwa nzima kichwa kikiwa ndani ya boneti, akimwambia aliyeshika ufunguo. Jaribu tena. Zima. Jaribu tena. Hata alipokwenda kuposa, mama mkwe alimtazama kuanzia viatu hadi nywele akasema hapana, na yeye akajibu kwa upole, "Sawa mama, nitajaribu tena." Akajaribu tena. Akapewa, nadhani kwa kuchoshwa.

Gereji yake ni bati lililowekwa juu ya nguzo, benchi lililokuwa kiti cha basi, na ukuta wa mikanda ya feni iliyoning'inia kama nyoka waliokaushwa. Kazi yake ni magari yasiyowaka na magari yanayozimika njiani. Mambo ya rangi na bodi hataki hata kuyasikia. Na ana tabia moja inayowaudhi wateja: hafungui boneti kwanza. Anamkalisha mwenye gari kwenye kiti cha basi na kuanza kumhoji.

"Ukizungusha ufunguo, taa zinafifia?"

Zikififia, anasema betri, au vichwa vya betri vimelegea. Taa zikibaki kali na ukasikia tak! moja halafu kimya, anakwenda kwenye stata, ile inayoizungusha injini. Stata ikizunguka kwi-kwi-kwi na injini isishike, hapo stata na betri ziacheni zipumzike, kuna kitu hakifiki: ama mafuta, ama moto wa kuyawasha. Halafu anauliza lile swali lake.

"Na nani alikuwa ndani?"

Watu wanakasirika. Mtu amekuja na gari, anaulizwa habari za abiria kama yuko kituo cha polisi. Lakini muulizeni Mkasi, fundi cherehani wetu, anayeitwa hivyo kwa sababu hakuna sentensi ya mtu mwingine ambayo hajawahi kuikata katikati. Gari la Mkasi lilikuwa linazimika kwenye kila kona. Mafundi wengine walimbadilishia hiki na kile. Jaribu Tena akamhoji nani alikuwa ndani, akajibiwa "mimi peke yangu," akamwambia, "Basi niletee na vyote ulivyokuwa navyo." Ikaonekana kwamba kwenye ufunguo wa gari Mkasi amening'iniza funguo za duka, funguo za nyumba, funguo za kabati lililokwisha kuuzwa, kopo la vifungo na mkasi mdogo wa chuma. Kila akipiga kona, mzigo wote unayumba na kuuvuta ufunguo hadi gari linazimwa. Akaambiwa apunguze ukoo. Tangu siku hiyo gari halikuzimika tena, na Mkasi akawa msemaji wa gereji bila kuteuliwa na mtu yeyote.

Turudi kwenye msiba wetu.

Gari lile lilikuwa la baba mkwe, marehemu mzee, mtu mpole aliyeendesha polepole hadi baiskeli zilikuwa zinampigia kengele. Alipofariki, gari likabaki kwa mama mkwe, ambaye haendeshi. Anaendeshwa, siku hizi na mkwe wake. Kiti chake ni cha nyuma, upande wa kushoto, na hajawahi kukaa kwingine. Na mama mkwe, nisimung'unye maneno, ni mama wa haja. Akipita mlangoni, mlango unajiona haukupimwa vizuri. Akikaa, amekaa, huulizi kama amekaa.

Mama huyu ana mdogo wake mmoja tu duniani, na walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mfuniko. Mdogo mtu aliazima sufuria kubwa, akalirudisha na mfuniko usio wake. Dada mtu akasema huu si wa kwangu. Mdogo mtu akasema ndio huo huo, umezeeka macho. Maneno yakatoka, na ya wazazi yakafukuliwa, na marehemu mzee alipoulizwa yuko upande wa nani akasema yuko upande wa mkewe, kwa sababu alikuwa mjinga wa mambo mengi lakini si wa hilo. Mzee akaapa kwamba hatakanyaga kwa shemeji yake, yeye wala gari lake.

Sasa Mama Mdogo, ndivyo mke wa fundi anavyomwita, alikuwa anahamia kwa mwanawe, mbali kabisa, safari ikiwa Jumapili. Akatuma ujumbe: dada, njoo tuonane kabla sijaondoka. Mama mkwe alilia, akavaa, akaupakata ule mfuniko kwenye mapaja, akaingia garini. Kwenye tuta la bucha, gari likafa. Kesho yake tena, tuta lile lile, kifo kile kile. Na kila akishuka, gari linawaka.

"Nimeelewa," mama mkwe alimwambia fundi siku hiyo tuliyoitangaza hapo juu, akiwa amesimama katikati ya barabara na mfuniko wake. "Ni baba yako."

"Baba yangu yuko shambani, mama."

"Baba mkwe wako! Marehemu hataki niende. Aliapa, na mimi nataka kumvunjia kiapo."

"Mama, gari linaweza kuwa na sababu yake nyingine."

"Mkwe wangu, mtu akikufungia mlango ukiwa ndani, ukitoka akaufungua, unahitaji fundi akwambie nani hatakiwi?"

Mkasi, aliyekuwa amekuja kununua nyama na akasahau nyama, akasema hoja hiyo ni nzito sana.

"Basi tupite njia ya nyuma," fundi akasema. "Haina tuta."

"Njia ya nyuma ni ya mbuzi. Mimi siendi kupatana na ndugu yangu nikiwa na matope. Nirudishe nyumbani."

Kuhusu tuta lenyewe, niseme mawili matatu, maana nalo ni mhusika. Lilijengwa na mtu aliyekuwa na kinyongo na binadamu. Lilizinduliwa rasmi, utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, na gari la mgeni rasmi likakwaruza tumbo lake pale pale likiondoka. Tangu hapo kila mtu analilaani na hakuna anayeliondoa.

Fundi alikuwa ameshashuku. Stata ilikuwa inazunguka vizuri, taa kali, moto upo. Tena alikuwa amegundua jambo: ukizungusha ufunguo kidogo kabla ya kuwasha, gari hili hutoa mnong'ono nyuma, mmmm, ndiyo pampu ya mafuta inaamka, na pampu iko chini ya kiti cha nyuma. Mama mkwe akiwa nje, mnong'ono upo. Mama mkwe akiwa ndani, kwenye tuta, kimya. Daktari mwingine angeweka sikio karibu na kiti athibitishe. Lakini yeye angefanyaje? Amwambie, "Mama, jiinue kidogo nisikilize"? Ndoa zimevunjika kwa maneno machache kuliko hayo.

Alingoja mama mkwe ashuke aingie ndani, akang'oa kiti. Chini yake akakuta springi moja imekatika, ncha yake imechongoka kuelekea plagi ya waya wa pampu, na plagi ina michubuko. Mzigo ukikaa hapo na gari likaruka kidogo, springi inashuka, inaisukuma plagi, umeme unakatika, mafuta hayaji. Mzigo ukiondoka, springi inapanda, plagi inarudi, gari linafufuka. Kwenye vumbi la sakafu kulikuwa pia na alama safi ya mstatili, kama kuna kitu kilikaa hapo miaka na miaka kikaondolewa. Hilo hakulielewa.

Akaenda jikoni kwa mkewe.

"Nimeupata ugonjwa."

"Ni nini?"

"Kiti cha nyuma. Upande wa kushoto."

Mkewe akaweka mwiko chini. "Upande wa mama."

"Sijasema mama."

"Umesema kushoto."

"Kushoto ni kushoto tu, mama watoto."

"Usije ukamwambia."

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

"Na mimi nilikuomba uniambie? Sasa kila nikimtazama nitakuwa naona springi!" Akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa aproni, akacheka ndani ya aproni hadi machozi. Fundi naye akashikwa. Wakawa wanacheka wawili bila sauti, wameshikana mikono kama wezi, mama mkwe yuko chumba cha pili.

Ni pale alipoegemea mlango ili avute pumzi ndipo alipokiona. Mlango wa jikoni ulikuwa umezuiwa usijifunge na kibao kifupi, kinene, kilichovishwa kitambaa cha mistari ya bluu.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Kile? Waosha magari walikikuta chini ya kiti tulipolisafisha gari baada ya msiba wa baba. Nikaona kinafaa mlango."

Fundi akakipima kwa viganja. Ilikuwa saizi ile ile ya alama kwenye vumbi. Akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

"Mzee," akasema, "kumbe na wewe uliogopa kumwambia."

Ijumaa alilitengeneza gari: springi mpya, plagi ikakazwa, waya ukafungwa mbali na kiti. Akasimama mlangoni pa chumba cha mama mkwe kumwarifu kuwa gari limepona. Mama mkwe akakataa hata kulitazama.

"Limepona likiwa tupu, mkwe wangu. Likiwa tupu halijawahi kuugua. Mimi nimeshakatazwa, nimekubali. Mwambieni mdogo wangu asafiri salama." Akageukia ukutani. Mfuniko ulikuwa juu ya kitanda, umefungwa kwenye kitambaa, kama mtoto aliyelala.

Hapo fundi wetu akafanya jambo ambalo sijui kama kuna fundi mwingine amewahi kulifanya kwa hiari na mchana kweupe: akalirudishia gari ugonjwa wake. Akatoa springi mpya, akarudisha iliyokatika. Akaufungua waya, akaupeleka pale pale kwenye hatari. Jumamosi asubuhi akaomba kwa magoti mama mkwe aje tu kutazama, asipande, atazame. Mama mkwe akaja. Akaletewa kiti, akakaa mbele ya bucha, mfuniko mapajani, akiwa na uso wa hakimu aliyekwisha kuandika hukumu.

Watu tulijaa. Ukitaka kuukusanya mtaa, tengeneza gari hadharani.

Kwanza fundi akaendesha peke yake. Gari likavuka tuta kama linapita uwanjani.

"Tupu hilo," mama mkwe akasema.

Akamweka Mkasi nyuma, upande wa kushoto. Mkasi ni mwembamba, ukimtazama kwa ubavu unaweza kumkosa. Gari likavuka.

"Huyo marehemu hakumwona," mtu mmoja akasema, na watu wakakubali.

Fundi akatazama huku na huku kama mtu asiye na mpango. "Nani mwingine yuko karibu? Mwenye bucha, hebu tusaidie."

Mwenye bucha ni pande la mtu. Akatoka na aproni yake, akafuta mikono, akajikunja, akaingia kushoto. Gari likainama upande mmoja kwa heshima. Likaondoka. Magurudumu ya mbele yakapanda tuta, yakashuka. Ya nyuma yakapanda, yakashuka.

Mfff.

Gari limekufa. Watu tuliruka juu kama timu imefunga bao.

"Jaribu tena!" tulipiga kelele mtaa mzima. Fundi akapiga stata. Kwi-kwi-kwi-kwi, haishiki. Taa kali. Kwi-kwi-kwi.

"Shuka, kaka," fundi akasema. Mwenye bucha akashuka. Mguso mmoja wa ufunguo, gari likanguruma.

"Kumbe marehemu alikuwa na ugomvi na bucha pia!" Mkasi akapayuka.

"Mimi?" Mwenye bucha akashika kifua. "Mzee tulikuwa tunasikilizana! Nilikuwa namwekea mifupa ya supu kila Jumamosi! Mzee, nimekukosea nini mimi?" Alikuwa anaongea na gari.

"Rudieni," mama mkwe akasema.

Wakarudia. Likafa. Likafufuka.

Mama mkwe akainuka. Tukampisha njia. Mbwa wa bucha naye akakaa chini. Mama akatembea taratibu hadi kwenye gari, akamtazama mwenye bucha kuanzia begani hadi begani, halafu akajitazama, halafu akamtazama mkwe wake.

"Tatizo ni nini?"

"Waya, mama. Waya wa pampu ya mafuta unaachia."

"Unaachia kwa sababu gani?"

"Springi ya kiti inausukuma, mama."

"Na springi inasukumwa na nini?"

Jamani. Mke wa fundi alikuwa amejiziba uso kwa aproni. Mwenye bucha alikuwa anatazama angani, anatafuta mvua. Jasho lilishuka kwenye paji la uso la fundi, likapita kwenye grisi, likaacha mstari mweupe.

"Na tuta, mama."

Mama mkwe akaligeukia tuta.

"Tuta," akasema.

"Tuta!" tukaitikia wote, kwa uchungu. "Tuta hili! Tumelisema siku zote! Mradi gani huu!" Mkasi akalipiga tuta teke akaumia kidole. Mwenye bucha, aliyefarijika kuliko sisi sote, akalitemea mate.

"Na hiki, mama," fundi akasema kwa sauti ya chini, akatoa kibao ndani ya gari, "kilikuwa chini ya kiti chako. Aliyekiweka ni baba. Kilikuwa kinazuia springi isifike kwenye waya. Tulikitoa sisi wakati wa kusafisha, ndiyo gari likaanza kuzimika."

Mama mkwe akakipokea. Akagusa kitambaa cha mistari ya bluu.

"Hili ni shati lake," akasema. "Nililitafuta shati hili nyumba nzima. Akaniambia limeibwa kwenye kamba." Akakigeuza kibao upande wa pili. "Miaka yote ananivusha tuta hili. Na mimi namtukana mwizi wa kamba." Akakipangusa vumbi. "Kwa nini hakuniambia?"

Mama mkwe akatutazama mmoja mmoja, akamaliza kwa mwenye bucha, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika boneti, gari likainama upande wa mbele, na hilo likamchekesha zaidi.

"Mwoga yule!" akasema akijifuta macho. "Rudisheni kibao changu. Twende, mdogo wangu anaondoka kesho."

Fundi alifanya kazi hapo hapo barabarani, huku sisi tukimshauri vibaya. Waya ukasogezwa ukafungwa, springi mpya ikaingia, kibao kikarudi kwenye alama yake. Mama mkwe akapanda, kushoto. Mkasi akajipachika mbele bila kuombwa. Gari likalikaribia tuta kwa adabu kubwa.

"Kanyaga!" mama mkwe akaamuru.

Mbele, puu. Nyuma, puu. Mmmm, pampu ikaendelea kunong'ona. Mtaa ukalikimbiza gari hadi kona, watu wazima na akili zao.

Mama Mdogo alikuwa mlangoni kwake, kati ya masanduku. Wakatazamana.

"Umenenepa," Mama Mdogo akasema.

"Na wewe hujapungua," dada mtu akajibu, akafungua kitambaa. "Chukua mfuniko wako."

Mama Mdogo akaingia ndani, akatoka na mfuniko mwingine wenye kishikio chekundu. "Niliukuta nyuma ya jiko mwaka ule ule," akasema. "Nilishindwa kuja. Niliona haya."

Basi wakaangukiana shingoni, mifuniko ikagongana kama matoazi, wakalia, wakacheka, wakasema kwa pamoja bila kusikilizana. Mkasi naye akalia, akisema ni vumbi. Na ikaamuliwa kwamba Mama Mdogo atakwenda kulala kwa dada yake usiku huo wa mwisho, kwa sababu wana maneno ya miaka ya kuyamaliza.

Wakaingia garini. Dada mtu kushoto, kama kawaida. Mdogo mtu kulia. Niseme ukweli hapa pia: mdogo mtu alikuwa amekwenda mbali kwa mwili kuliko dada yake. Kiti kikalia ke! Kibao kikajibu ke! Sehemu ya nyuma ya gari ikashuka kama inasujudu, na ya mbele ikatazama mawingu.

Mkasi akasimama kando ya dirisha la fundi, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu fundi," akasema, "leo umerudisha undugu uliovunjika. Umemsafisha marehemu mbele ya umma. Umelishinda tuta lililoshinda viongozi. Kwa niaba ya mtaa mzima nakuuliza: una neno gani la kutuachia?"

Fundi alitazama kioo cha nyuma. Kilikuwa kimejaa.

"Tunarudi kwa njia ya nyuma," akasema.